Maji ya Bibi Pema

Ijumaa moja tulipanda mlima wa Jabal Akhdar, huku kwetu Oman, na watoto, na mume wangu, aliyesahau mkaa nyumbani Nizwa, akaokota tawi kavu la ule mti wa mlimani ambao wenyeji wanauita alalan, akalitia motoni. Moshi ulipopanda mimi nilikuwa nakata vitunguu. Kisu kikasimama. Ilikuwa harufu kali yenye utamu ndani yake, kama udi uliochanganywa na ganda la ndimu, na kabla sijakumbuka niliinusa wapi, mkono wangu ulikuwa umeshakunja ngumi. Wenzangu harufu za utotoni huwaletea machozi, au njaa. Mimi ile ilinirudishia hasira, mbichi vile vile kama nilivyoiacha nikiwa na miaka kumi katika mji wa Thimphu.

Thimphu ni mji mkuu wa Bhutan, kule kwenye milima ya Himalaya, mji mdogo uliobanwa bondeni pamoja na mto wake. Watu wake wengi wanafuata dini ya Budha, na asubuhi huchoma mbele ya nyumba majani ya mti wa jamii ile ile ya alalan, moshi upande kwa ibada yao. Nataka niseme mapema, msije mkanidhania mtu mwema: ninayowasimulia hapa hayana msamaha ndani yake. Kama mnatafuta msamaha, mtaukuta kwa wengine.

Mtaniuliza mtoto wa Ibra, mji wa huku Oman, anayesema Kiswahili cha Unguja cha mama yake, alitafuta nini Thimphu. Baba yangu, Nasor, alizaliwa Kigoma, akaletwa Oman angali kijana, kisha akapelekwa India kusomea uinjinia. Huko alipangiwa chumba kimoja na kijana wa Bhutan, jina lake Karma. Wakawa chanda na pete. Walikula sahani moja, waliuguzana homa, na Baba alikuwa akituambia kwamba Karma ndiye aliyemfundisha kula pilipili na yeye ndiye aliyemfundisha Karma kuogelea. Miaka ikapita, Karma akawa mtu mkubwa kwao, akataka kujenga hoteli. Akampigia simu Baba. Hapana mtu mwengine ninayemwamini, alimwambia.

Mama alipopewa habari alikaa kitako.

"Mlimani? Kwenye barafu? Na nyama ya halali tutaipata wapi, Nasor?"

"Tutakula samaki," Baba alisema.

Basi Mama akafunga papa mkavu wa pwani ya Sur masanduku mazima, na nadhani hakuna familia iliyopata kuingia Thimphu na msafara kama wetu. Mbwa wa mji ule ni wengi kuliko watu, mchana wanalala katikati ya barabara kama masultani na magari yanawazunguka. Siku tuliyofika waliamka wote. Walitufuata kutoka kituo cha teksi hadi mlangoni, kimya, kwa adabu, pua juu, na Mama kafunika uso kwa mtandio kwa aibu.

Tulikaa ghorofa ya juu ya nyumba ya bibi mmoja mjane, Bibi Pema, karibu kabisa na kiwanja cha hoteli. Nyumba yake ilikuwa ya udongo ulioshindiliwa, kuta nene kama za ngome zetu, na madirisha ya mbao yaliyochorwa maua. Mji wenyewe ulinipendeza kwa namna ulivyokuwa na haraka na haya kwa wakati mmoja. Kila upande ulisikia mashine za zege, lakini sheria ilitaka kila jengo jipya livae madirisha ya kuchonga na mapaa ya jadi, hata kituo cha petroli ukikiona ungevua viatu. Taa za kuongozea magari hazikuwepo. Kwenye njia panda alisimama askari mwenye glavu nyeupe, akiyaongoza magari kwa mikono kama anayecheza ngoma peke yake. Watawa wa rika langu, vichwa vimenyolewa, majoho mekundu, walipanga foleni dukani kununua vocha za simu. Baba alisema mji ule unamkumbusha Nizwa: unataka kukua bila ya kumuudhi babu.

Bibi Pema na Mama hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja, ila tambuu. Siku ya pili Mama alimkuta kakaa kizingitini, midomo myekundu, anatafuna. Mama akapiga kelele kama aliyemwona ndugu yake. "Tambuu! Zuwena, njoo umwone, anakula tambuu kama bibi zetu wa Malindi kule Unguja!" Tangu hapo wakawa wanakaa pamoja juani, mmoja akinena Kiswahili na mwengine Kidzongkha, na kila mmoja akimnywesha mwenziwe chai yake. Ya Bibi Pema ilikuwa na siagi na chumvi, ya Mama ina tangawizi, na kila mmoja aliinywa ya mwenziwe kama dawa, macho yamefumbwa. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wao, maana mtoto hushika lugha kama nguo inavyoshika moshi. Kufika majira ya mpunga nilikuwa nagombana kwa Kidzongkha skulini, na nashinda.

Chini ya nyumba kulipita kijito. Juu ya kijito kulikuwa na kibanda kilichojengwa na mumewe Bibi Pema, na ndani yake gurudumu la sala, pipa kubwa la rangi lililojaa sala zilizoandikwa. Maji yalilizungusha usiku na mchana, na kila lilipozunguka liligonga kengele ndogo. Kwa imani yao kila mzunguko ni sala iliyosomwa. Bibi Pema aliniambia kwamba mumewe alipofariki yeye hakulia sana, kwa sababu kengele ile ilikuwa ikiendelea na kazi yake. Mama alinionya nisilizungushe. "Hayo ni yao, mwanangu, na sisi tuna yetu. Lakini usije ukayacheka." Nami sikuligusa wala sikulicheka. Nililala kwa sauti yake.

Karma nilikuwa nikimwita Ami Karma, kama ninavyowaita ndugu za baba. Alikuwa mnene, mcheshi, amevaa gho, lile joho lao la magotini, la hariri hata siku za kazi, na mfukoni hakukosa peremende. Nilimpenda. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilimpenda.

Hoteli ilipokaribia kwisha, alitaka njia ya magari ipite pale pale kwenye kijito. Baba alikataa. Niliwasikia wakibishana kwa Kiingereza chini ya ngazi, Baba akisema anaweza kujenga daraja dogo, maji yapite chini yake, ni suala la kusubiri tu. Karma hakutaka kusubiri, kwa kuwa wageni wakubwa walikwisha alikwa. Kisha Baba akasafiri kwenda mpakani kufuatilia nondo zilizokwama. Asubuhi ya pili yake niliamka nikahisi kuna kitu kimepungua duniani. Nikakaa kitandani nikisikiliza. Kengele ilikuwa imenyamaza.

Nilipotoka, kijito kilikuwa matope matupu. Kule juu mafundi wa hoteli walikuwa wamelaza bomba na kulizungushia magunia ya mchanga, na maji yote yalikuwa yakimwagwa upande wa pili wa kiwanja. Bibi Pema alikuwa kasimama mbele ya kibanda, mikono imelegea. Majirani wakakusanyika, wazee, wanawake na watoto mgongoni, na mwalimu wangu pia. Ikawa kelele. Karma akaja, akapanda ngazi ya hoteli ili aonekane, akashika kifua.

"Ndugu zangu," alisema kwa Kidzongkha, "hata mimi moyo wangu umevunjika. Injinia wangu ni mgeni. Ni Mwislamu, hajui mambo yetu. Nilimwambia asiuguse mto, naye hakusikia. Sasa kasafiri. Mgeni mtamfanya nini?"

Watu wakashusha sauti, wakatikisa vichwa. Mgeni. Ilikuwa kana kwamba neno lile limeeleza kila kitu. Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwake. Aliponiona, alishuka, akanipapasa kichwa juu ya mtandio, akanipa peremende. Hakujua kwamba nimeelewa. Alidhani mimi bado ni yule mtoto aliyeingia mjini na mbwa.

Nilimtupia mbwa ile peremende. Mbwa aliinusa akaiacha, na nikampenda yule mbwa.

Skulini rafiki yangu Deki, tuliyekuwa tukigawana naye kila kitu, alibeba mkoba wake akahamia dawati jengine bila ya kunitazama. Hata mwalimu aliacha kuniita nisome. Nyumbani nilimsimulia Mama, na Mama akasimama wima katikati ya jiko, mwiko mkononi.

"Mie nitamsomea Halbadiri," alisema. "Wallahi nitamsomea, atafute pa kujificha."

Kwa mtu wa Unguja hiyo si ahadi ndogo. Ni dua ya kumshitakia dhalimu kwa Mungu kwa majina ya mashujaa wa Badr, na waliosomewa husemwa hawafiki mbali. Lakini Mama alikuwa mwoga wa Mungu kuliko mkali, akasema atamsubiri kwanza Baba. Mimi sikuweza kusubiri. Nilijifungia chooni nikamsomea mwenyewe. Majina niliyoyajua hayakufika hata robo, kwa hivyo palipopungua nikajazia na ami zangu wa Ibra, Khalfan na Seif na Hamed, na mjomba aliyekuwa askari, nikawaomba wote wamshukie Karma kwa pamoja. Kesho yake nilimwona mzima wa afya, anakula embe.

Baba aliporudi nilimsimulia neno kwa neno, namwigiza Karma mpaka kule kushika kifua. Nilitaraji atatoka mbio. Baba alivua mabuti, akayapanga ukutani. Akauliza, "Na Bibi Pema? Maji ya kunywa anapata?"

"Anachota bombani. Baba, umesikia nilivyosema?"

"Nimesikia."

"Na utamfanya nini?"

"Khalas, Zuwena. Basi."

Karma alimwomba asitoke nje kwa muda, mpaka watu wapoe, na Baba akakubali, akawa anashinda juu, kwenye meza ya dirishani, na michoro yake. Nilimwonea haya. Nilikuwa nikimtazama mgongo wake pale dirishani nikasema moyoni, kama wewe huna damu, mimi ninayo.

Aliyenionyesha njia ni Bibi Pema. Wageni huwadhania watu wa dini ile kuwa wapole wasiojua kukasirika. Hawajamwona Bibi Pema. Alilia siku moja. Siku ya pili akajifunga kiuno, akafungua kibanda, akakaa ndani kwenye kigoda na kuanza kulisukuma gurudumu kwa mkono. Pipa lile lilikuwa zito kuliko yeye. Alilisukuma tangu moshi wa asubuhi mpaka jua linapozama nyuma ya mlima, midomo ikisoma, macho yamekazwa kwenye hoteli. Na hoteli haikuwa na njia nyengine. Kila fundi, kila mgeni, kila ofisa aliyekuja kukagua alimpita yule kizee anayetoka jasho kwenye baridi, na kengele ikigonga kwa kusitasita, kama mtu anayechechemea.

Nikitoka skuli nilikwenda kukaa kwenye jiwe karibu naye. Watu walisimama, wakamuuliza, bibi, maji yako yako wapi? Yeye hakujibu, maana kinywa chake kilikuwa kazini. Basi nikajibu mimi.

"Bwana Karma ndiye aliyekata maji. Injinia Nasor hakuwepo."

Niliisema hivyo hivyo, kwa Kidzongkha safi, sikuongeza wala sikupunguza, kwa sauti ya kusomea mahafali. Kwa mwuza mboga na kwa dereva. Kwa mke wa ofisa mkubwa, aliyeshusha kioo cha gari. Wengine walicheka, wengine wakanikemea, mtoto mdogo hamtaji mkubwa hivyo. Niliwaacha wakemee, kisha nikarudia. Mama alikuwa akiniita juu nikafanye kazi za skuli, na nikasikia Baba akimjibu, "Mwache, jua zuri leo." Hata siku ya mawingu alisema jua zuri.

Mji mkuu ule ni mdogo. Aliyepiga chafya sokoni hupewa pole kwenye ngome ya serikali. Kabla ya wiki kwisha, watoto skulini walikuwa wakimwita Karma kwa jina la Bwana Kata-Maji, na mimi nikalala usingizi wa malaika.

Siku ya kuzindua ikafika. Kwao hakuna jengo linalofunguliwa bila ya baraka, na aliyealikwa ni lama mmoja, kiongozi wa dini yao, mzee sana, anayeheshimiwa mji mzima. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, kashikwa mkono, watawa nyuma yake, na Karma mbele akiwa na hariri ya manjano na mabuti ya kutariziwa. Walipofika kibandani kengele ikagonga ile sauti yake ya kuchechemea. Lama akasimama.

"Mama, maji yako yako wapi?"

Bibi Pema aliacha kusoma kwa mara ya kwanza. Alipangusa jasho. "Muulize mtoto," alisema.

Nikasimama juu ya jiwe langu. "Bwana Karma ndiye aliyekata maji. Injinia Nasor hakuwepo."

Karma akacheka kile kicheko chake cha peremende. "Ni mtoto wa kigeni, Lama. Lugha yetu haijui vizuri."

Hapo niliyaachia yote. Nilishika kifua kama alivyoshika yeye, nikainua kidevu, nikayasema maneno yake yote aliyoyasema ngazini, kwa sauti yake, mpaka lile la mwisho, mgeni mtamfanya nini. Mtu mmoja akaguna kwa kicheko. Kisha kicheko kikawapata na wengine, hata mtawa mmoja akajiziba mdomo kwa joho.

Lama hakucheka. Alimgeukia Karma. "Amekosea neno gani?"

Karma alitafuta neno nililokosea, na nikamwona akilitafuta, na sikuwa nimekosea hata moja. Lama akasema amechoka, akakaa juu ya jiwe langu, akaagiza chai. Akasema atasubiri maji.

Natamani mngeona. Mafundi walikuwa wamevaa nguo za sherehe, hakuna aliyetaka kushika gunia, na Karma hakuweza kumwamuru mtu mbele ya macho yale. Alipanda juu mwenyewe. Aliingia kwenye matope na mabuti yake ya kutariziwa, akapiga magoti na hariri yake ya manjano, akavuta gunia moja baada ya jengine, anahema. Maji yalikuja machafu kwanza, yakasukuma majani, yakaligonga gurudumu, nalo likalia mbao kama mzee anayeamshwa. Kisha likazunguka. Bibi Pema alifungua viganja vyake vilivyochubuka, akamtazama Karma anavyoshuka kilima, akacheka kwa meno yake yote mekundu. Nami nikacheka. Wanaosema kisasi ni kichungu hawajakionja kikiwa kimeiva.

Lakini ilipofika alasiri Lama aliibariki hoteli kama alivyoahidi. Karma alibadilisha nguo, akatania mwenyewe habari za matope, watu wakamgongagonga mgongoni. Alikuwa mtu wao. Walikula pamoja, na harufu ya jibini na pilipili ikatufikia juu. Hakuna aliyepanda ngazi kuja kumwambia Baba, tulikusema vibaya. Deki alirudi kwenye dawati langu, na nikamwekea mkoba mahala pake pa kukalia. Mpaka leo sijamwondolea. Baada ya muda si mrefu tulifunga mizigo. Karma alitusindikiza hadi uwanja wa ndege, akamvika Baba kitambaa cheupe cha kuagia, na Baba akainama akapokea. Aliponigeukia mimi nikaweka mikono nyuma.

"Zuwena, muage ami yako," Baba alisema.

"Si ami yangu."

Kwa miaka mingi kile kitambaa nilimhesabia Baba kama deni. Nilimpenda, nilimpa shikamoo yake kila asubuhi, lakini ndani nilimwona mtu asiyejua kujitetea. Mwaka jana nilikuwa nikimrudisha Ibra kutoka kumzuru dada yangu Sur, tukasimama Al Kamil kunywa chai ya maziwa. Kijana mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake alitusikia tukizungumza, akauliza kwa Kiarabu, kwa ucheshi tu, "Nyinyi si watu wa hapa, Zanzibar eh?" Kijana yule labda alizaliwa Baba akiwa ameshajenga nusu ya barabara ile. Baba akatabasamu, akapokea chai yake.

Tulipoingia garini sikuweza tena. "Kwa nini hujibu, Baba? Kwa nini hukujibu hata kule?"

Akapuliza chai. "Kigoma walikuwa wakiniita Mwarabu. Nikaja hapa nikaitwa Mswahili. India sijui waliniita nani. Nilipofika kwa Karma nilikuwa nimechoka, mwanangu. Ukianza kulijibu neno lile, utalijibu mpaka unakufa."

"Mimi nililijibu."

"Najua. Nilikuwa dirishani." Alitazama barabara. "Kidzongkha sikukijua. Nilikuwa nasikia jina langu tu, unalitaja, tena na tena. Nikawa naacha kalamu nasikiliza. Mama yako akikuita, nakuombea ruhusa."

Yule mgongo niliouonea haya ulikuwa ukinisikiliza. Nilidhani nalipa kisasi changu mwenyewe, kisasi cha mtoto aliyedanganywa kwa peremende, kumbe niliyekaa juu ya jiwe nilikuwa nikilipa na cha Kigoma na cha Ibra, kwa niaba ya mtu aliyekuwa hana tena nguvu ya kusema. Nikamuuliza kama amemsamehe Karma. Akamaliza chai yake.

"Sijui," alisema. "Mimi mambo hayo nilikuachia wewe."

Basi ameniachia, na mimi bado ninayo.